Medali za Tanzania Jumuiya ya Madola: eti ni Bayi tu?

Swali limetoka kwa kijana mmoja anayefanya kazi Mombasa, nalifupisha: "Shikamoo mzee. Hapa kazini nabishana na jamaa Mkenya, anasema nyie Watanzania kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mna Filbert Bayi basi, mnaishi kwa jina la mtu mmoja toka 1974. Nilitaka kumjibu nikakosa cha kusema. Hivi tuna medali gani na gani, walizipata akina nani, na kwa nini siku hizi tunarudi mikono mitupu?"

Marahaba mwanangu. Kwanza usione aibu, hilo la kukosa cha kusema limewakuta watu wazima wengi tu, hata watangazaji, maana sisi historia ya riadha yetu tunaijua kwa jina moja na mwaka mmoja halafu tunarudi kwenye Simba na Yanga. Mimi nina kauntabuku langu la zamani, jalada lishachanika, nimeandika humo matokeo toka enzi za kusikilizia redio ya taifa, RTD, kwa hiyo ngoja nikufungulie.

Dhahabu tunazo 6. Fedha na shaba ukiziongeza tunavuka 20. Na zote, narudia zote, zimetoka kwenye michezo miwili tu, riadha na ngumi. Hatuna ya kuogelea, hatuna ya kunyanyua vitu vizito, netiboli hatuna, hakuna kingine. Na hizo dhahabu 6 zote ni za wanaume, 5 za mbio na 1 ya ngumi. Sasa hapo Mkenya wako ameshakosea, maana Bayi katika hizo 6 anayo moja.

Ila hiyo moja tusiipite haraka. Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500. Kijana wa Karatu ana miaka 20, bastola inalia tu yeye huyo mbele. Siku zile mita 1500 watu walikuwa wanaviziana, wanakimbia kama wanatembea mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho ndo vita inaanza, Bayi hakutaka habari hizo. Hakuna mtu wa kumvuta, hakuna wa kujificha nyuma yake asipigwe na upepo, anafika mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 na ushee, ameacha kundi kama mita 20 hivi. Kila aliyekuwa anaangalia alijua huyu atakata pumzi. Mita mia za mwisho John Walker, mwenyeji, uwanja mzima unamlilia yeye, anakuja kama gari limekatika breki, Bayi anageuza shingo mara moja, anaongeza, anakata utepe 3:32.16. Rekodi ya dunia. Ya zamani ilikuwa 3:33.1 ya Jim Ryun toka 1967. Walker wa pili na yeye kaivunja ileile rekodi, 3:32.52, akaondoka na fedha. Wa tatu Ben Jipcho wa Kenya, na hapa mpe Mkenya haki yake, Jipcho huyohuyo kwenye michezo hiyohiyo alibeba dhahabu ya mita 5000 na ya kuruka viunzi na maji, kwa hiyo miguu ilikuwa imeshafanya kazi ya watu watatu. Hata waliomaliza wa nne na wa tano walikimbia muda ambao haukuwa umezidiwa na wengi kabla ya siku ile. Ndo maana mpaka leo wazee wa riadha huko duniani wakikaa wanaitaja hiyo mbio, na sisi wenyewe tunaitaja kama kauli mbiu tu bila kujua nini kilitokea.

Ila Bayi hakuwa wa kwanza kuleta medali, hilo watu wengi hawalijui. Miaka minne nyuma, Edinburgh 1970, bondia Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati akapoteza kwa John Conteh wa England. Conteh huyo mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa WBC. Yaani bondia wetu wa ridhaa alikuwa anagongana na bingwa wa dunia wa kesho yake, na fedha yake imesahaulika kabisa, jina lake ukilitaja mtaani watakuuliza anacheza namba ngapi Msimbazi.

Sasa twende kwa mtu ambaye ukinibana sana mimi nitakwambia ndiye mwanamichezo wetu mkubwa kwenye Madola hata kuliko Bayi, Gidamis Shahanga. Kijana wa Hanang huko. Edmonton 1978 anakimbia marathoni akiwa kijana mdogo tu, watu wanadhani marathoni ni ya wazee, akaibeba. Kwenye michezo hiyohiyo Bayi akapata fedha ya 1500, alizidiwa na David Moorcroft kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Halafu Brisbane 1982 Shahanga anarudi, safari hii uwanjani, mita 10,000, dhahabu tena, na nyuma yake nani? Zakaria Barie, Mtanzania mwingine, tofauti yao haifiki nusu sekunde. Dhahabu na fedha mbio moja. Hiyo mwambie Mkenya aitafakari taratibu akinywa chai.

Na Brisbane haikuishia hapo. Siku chache baadaye marathoni, Shahanga yumo tena pamoja na Juma Ikangaa, mwanajeshi, mfupi wa kimo, wakaondoka mbele wao wawili wakaiacha dunia nyuma. Mwenyeji Robert de Castella akaanza kuwafukuza pole pole, Shahanga akachoka (ana 10,000 miguuni huyo), Ikangaa akabaki peke yake, de Castella akamfikia, akampita, Ikangaa akampita tena, wakawa wanapokezana mpaka mwisho, de Castella 2:09:18 na Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12 baada ya kilomita 42! Waaustralia mpaka leo wanaihesabu kama moja ya mbio kubwa zilizowahi kukimbiwa kwao. Sisi hata barabara ya vumbi sijui kama tumempa jina Ikangaa.

Halafu 1986 hatukwenda. Na hili ni muhimu kwenye hesabu kwa sababu ukiangalia jedwali unaona pengo unadhani tulishindwa. Nchi 32 ziligomea Edinburgh mwaka ule, kisa serikali ya Uingereza ilikuwa inakataa kuiwekea vikwazo vya maana Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania hiyo vita ilikuwa ni yake kabisa. Mimi sisemi tulikosea, hapana, kwa Mwalimu jambo lile halikuwa na mjadala na hata leo ningeunga mkono. Nasema tu gharama yake: Februari mwaka huohuo Ikangaa alikuwa ameshinda Tokyo kwa 2:08:10, na marathoni ya Edinburgh ikaja kushindwa na yuleyule de Castella kwa 2:10:15. Najua, Tokyo na Edinburgh si njia moja na upepo si mmoja, lakini fikiria mwenyewe. Bayi pia alilipa gharama hiyohiyo kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, lile pambano lake na Walker lililokuwa linasubiriwa na dunia nzima halikutokea, Walker akachukua dhahabu. Bayi kaja kupata medali ya Olimpiki Moscow 1980, fedha ya kuruka viunzi na maji, pamoja na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, na hizo mbili mpaka leo ndo pekee tulizonazo Olimpiki.

Auckland 1990 Simon Robert Naali shaba ya marathoni, dhahabu kaichukua Mkenya, Douglas Wakiihuri. Kuala Lumpur 1998 tukapata fedha na shaba za marathoni, na hapo ndo ikaja ile dhahabu moja ya ngumi, Michael Yombayomba, uzito wa bantam. Manchester 2002 Francis Naali dhahabu ya marathoni 2:11:58, Mkenya wa pili. Kule kule John Yuda shaba ya 10,000. Melbourne 2006 Samson Ramadhani dhahabu ya marathoni 2:11:29, Mkenya wa pili tena, zaidi ya nusu dakika nyuma. Na Fabiano Joseph shaba ya 10,000.

Umeona kitu hapo? Marathoni 1978, 2002, 2006 dhahabu. 1982, 1998 fedha. 1990 na 1998 shaba. Na Birmingham 2022 Alphonce Simbu fedha. Medali 8 kwenye mbio moja. Kwa hiyo ukiondoa ngumi, rekodi yetu ya Madola kwa kiasi kikubwa ni rekodi ya marathoni, na Bayi ndiye wa pekee, hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kuleta medali ya 1500 kule. Tunajiita nchi ya Bayi ila kusema kweli sisi ni nchi ya Shahanga.

Kwa nini marathoni? Kuna sababu mbili, moja ya nyumbani na moja ya kwenye jedwali. Ya nyumbani unaijua, ukichora mstari kutoka Karatu ushuke Mbulu, Hanang, uende Singida, hapo ndo kiwanda, sehemu ya juu, baridi, watoto wanatembea kwenda shule umbali wa maana, na uwanja wa lami laini wa kukimbilia mita 400 wanauona kwenye picha. Mtoto wa huko utamfundishaje mbio fupi? Barabara ipo, miguu ipo, anakimbia mbali. Ya jedwali ni hii: Madola haina Ethiopia. Haina Morocco, haina Eritrea, haina Japani wala Marekani. Ukishatoa hao, kwenye mbio ndefu unabaki na Kenya na Uganda, na kila nchi inaruhusiwa watu wachache. Tena michezo ile haitoi hela ya ushindi, ni medali tu na kupigiwa wimbo, wakati mkimbiaji wa marathoni kwa mwaka ana mbio mbili za maana miguuni, kwa hiyo Wakenya wao wazito wengi wanaenda London au Berlin wanawaachia wenzao. Huo ndo mlango tuliokuwa tunapitia. Sisemi kupunguza thamani ya ushindi, mlango ukiwa wazi na wewe hukuamka usingizini hupiti pia.

Ngumi nayo ina siri yake, nikwambie ili usidanganywe na namba. Ngumi za ridhaa hawapiganii nafasi ya tatu, wote wawili waliopoteza nusu fainali wanapewa shaba. Kwa hiyo ukipata droo nzuri, ukashinda mapambano mawili, uko na shaba shingoni. Birmingham 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walileta shaba mbili kwa njia hiyo na ni halali yao, walipigana vizuri tu, ila usije ukaweka shaba ya ngumi na fedha ya Simbu kwenye mizani moja ukasema zote ni medali. Simbu alikuwa nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda ambaye karibu na mwisho alikosea njia, akakata kona isiyo yake, akarudi, na bado akashinda! Nilikuwa naangalia kwenye simu na mke wangu akafikiri nimepata habari ya msiba jinsi nilivyopiga kelele.

Sasa swali lako la mwisho, la mikono mitupu. Hapo ndo kwenye kidonda. Delhi 2010 sifuri. Glasgow 2014 sifuri. Gold Coast 2018 sifuri. Michezo mitatu mfululizo, kati ya 2006 na 2022 hakuna hata shaba. Watu wanasema bajeti, wanasema uongozi, wanasema Wakenya wamekuwa wakali, yote yana ukweli kidogo. Mimi nina hesabu yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna kipindi mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa. Chukua mtoto wa darasa la tano kipindi kile, ana miaka 11 au 12. Mpige hesabu ana umri gani 2010 na 2014. Ana 21, ana 25. Yaani ndo huyo hasa tulimtaka Delhi na Glasgow, na hakuna mtu aliyewahi kumwona anakimbia. Naali na Ramadhani walioshinda 2002 na 2006 walikuwa wameshatoka shule kabla. Siwezi kukuapia kwamba sababu ni hiyo peke yake, ila miaka inakubaliana mno kuwa bahati mbaya.

Na mashindano yakiwepo pia kuna namna ya kuyafanya yasiwe na maana. Mwaka fulani nilipeleka vijana wanne kwenye mchujo, mahali na waandaaji siwataji. Mita 5000. Saa ya kupimia moja, mzee mmoja ameishika, pembeni kijana na karatasi. Wa kwanza kaingia, mzee kabonyeza, kasoma, kijana kaandika. Wa pili kaingia mzee bado anasoma ya wa kwanza. Wa tatu alikuwa kijana wangu, anaingia mzee anauliza "huyu naye nimwandike ngapi?", akajibiwa mwandike hiyohiyo ongeza mbili. Ongeza mbili! Mtoto kakimbia peku, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepasuka, na muda wake umetungwa kama bei ya nyanya. Ukipeleka karatasi ile kwa mtu anayetaka muda wa kufuzu atakucheka. Yule kijana sasa hivi anaendesha bodaboda Babati, ana mbio hata kwenye bodaboda.

Waliobaki wameshikiliwa na majeshi. Bayi jeshini, Ikangaa jeshini, Simbu jeshini, huko kuna mshahara, kuna chakula cha uhakika na kocha anakudai mazoezi asubuhi. Bila hivyo mkimbiaji wa kijijini kwetu anakimbia mpaka msimu wa kulima unafika. Na ukiona Simbu anachukua ubingwa wa dunia Tokyo Septemba 2025, 2:09:48, anamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, marathoni nzima imeamuliwa kwa kifua, ujue nyuma yake kuna miaka: wa tano Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, fedha Birmingham. Huyo hakuokotwa.

Na wanawake wanakuja, Magdalena Shauri aliingia wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41, muda ambao kwenye marathoni yoyote ya Madola ungekuweka mbele. Lakini sasa sikia kichekesho. Programu ya Glasgow 2026 imepunguzwa, michezo 10 tu kwa sababu ya gharama, na riadha ni ya uwanjani peke yake. Marathoni imetolewa. Ule mlango wetu nimekuhadithia, umefungwa na kufuli. Halafu badala ya mita 1500 wamerudisha maili, ambayo haikukimbiwa Madola toka 1966, na unajua nani aliwahi kushika rekodi ya dunia ya maili? Bayi, 3:51.0, Kingston Jamaika, Mei 1975. Yaani wamefuta mbio ya Shahanga wakaleta ya Bayi, na sisi wa kukimbia maili hatuna. Ngumi zimebaki, kwa hiyo macho kwa mabondia.

Kwa huyo Mkenya wako usijaribu kubishana naye kwa jumla ya medali, utaumia, Delhi peke yake walichukua 32, zaidi ya sisi tulizopata maisha yetu yote. Mbane kwenye marathoni, Manchester na Melbourne, muulize wa pili alikuwa nani. Akikuletea ya Kipchoge Keino, kama lazima atakuletea, mwambie twende Michezo ya Afrika, Lagos 1973, fainali ya 1500, Keino alikuwepo na alikimbia mpaka mwisho. Muulize alimaliza nyuma ya nani.